Picha za Ukutani za Kubandika na Kubandua

Ukuta mtupu huchosha macho. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi hutundikwa kalenda, picha za jamaa au kitambaa kilichofumwa. Siku hizi kuna pambo jingine, nalo ni stika kubwa za plastiki zenye maumbo ya watu, ndege, maandishi na matone ya rangi, zilizoigizwa kutoka picha zinazochorwa kwenye kuta za barabarani mijini. Vijana wanazipenda, wazazi wengi wanaziogopa. Yafaa basi tueleze zilivyo, ili anayetaka kuzitumia asiharibu nyumba.

Kwanza tutazame asili yake. Mmoja wa wachoraji waliozipeleka picha za mitaani majumbani ni Keith Haring wa Marekani. Tangu mwaka 1980 hadi 1985 alichora katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini New York. Pale ambapo tangazo lilikuwa limekwisha muda wake, ubao ulifunikwa kwa karatasi nyeusi, naye akachora juu yake kwa chaki nyeupe. Chaki hufutika upesi. Hata hivyo polisi walimkamata mara kadhaa, kwa kuwa mahali pale palikuwa na mwenyewe. Mwaka 1986 alifungua duka mjini humo, akauza picha zake kwenye fulana na karatasi, ili hata mtu asiye na fedha nyingi aweze kuwa nazo. Alifariki mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 31. Stika za leo zinafuata njia hiyo hiyo ya kutoka barabarani na kuingia nyumbani.

Stika hutengenezwa kwa plastiki nyembamba iitwayo vinili. Upande wa nyuma ina gundi, na gundi hiyo hufunikwa kwa karatasi laini. Mashine inayoongozwa na kompyuta hukata umbo kwa kisu kidogo, ikapita kwenye vinili bila kuikata ile karatasi ya nyuma. Gundi yenyewe haikauki ikawa ngumu kama gundi ya seremala; hubaki laini, ikashika kwa kugandamizwa tu. Ziko aina mbili. Moja ni kali, ya magari na mabango. Nyingine ni hafifu, ya kuta za ndani, nayo ndiyo hubanduka. Mnunuzi hana budi kuuliza kabla ya kulipa.

Lakini siri kubwa imo katika ukuta. Stika haishiki matofali, hushika rangi. Ikiwa rangi imeshikamana na ukuta vizuri kuliko gundi inavyoishika rangi, stika itatoka peke yake. Ikiwa rangi ni dhaifu, au ilipakwa juu ya vumbi, itang'oka pamoja na stika. Ukuta wa chokaa haufai kabisa, maana chokaa hutoa unga, na stika itashika unga na kuanguka. Ukuta wenye unyevu haufai, wala ule wenye plasta ya kukwaruza. Ukuta uliopakwa rangi upya usubiri wiki 3 au 4 hata rangi ikauke barabara. Mwenye shaka na abandike kipande kidogo nyuma ya kabati, akiache siku chache, kisha akibandue aone.

Ukuta ukifaa, kazi ni hii:

1. Pangusa ukuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, uuache ukauke.
2. Pima kwa rula, utie alama hafifu za penseli.
3. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, ukiisugua stika kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa, ili hewa itoke.
4. Ikiwa stika imefunikwa kwa karatasi ya juu inayoshikilia vipande, iondoe mwisho, polepole.

Wakati wa kuiondoa, usiivute kwa nguvu. Ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, anza pembeni, kisha ivute ikiwa imelala karibu na ukuta, si kuelekea kwako. Tusisahau pia kuwa gundi ikikaa miaka mingi, hasa penye jua, huzidi kushika, na rangi ya ukuta inayozunguka stika huweza kupauka, ikaacha kivuli cha picha.

Neno la mwisho ni la ruhusa. Kubandua kwa urahisi hakumpi mtu haki ya kubandika. Katika nyumba ya kupanga, aulizwe mwenye nyumba, nyumbani, waulizwe wazazi, bwenini, mwalimu. Rangi iking'oka, atakayedaiwa gharama ni mzazi au mpangaji, si aliyeuza stika. Kuuliza si ujinga, na ukuta, kama kitu kingine chochote, una mwenyewe.