Barakoa ya Mpuliziaji Salfa: Kwa Nini Isifuliwe

Tangu ugonjwa wa ubwiriunga ulipotambuliwa katika mikorosho ya nchi yetu mwaka 1979, salfa ya unga imekuwa silaha kubwa ya mkulima wa Masasi na Newala. Kila kiangazi, alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yangali na umande, mabomba hunguruma mashambani na wingu la manjano hupanda juu ya mikorosho. Sehemu ya wingu hilo huishia machoni na kifuani mwa mpuliziaji, likamwasha na kumletea kikohozi. Kwa hiyo yafaa kila katibu na kila mwanachama aelewe barakoa hufanya kazi namna gani.

Wengi hudhani barakoa ni chekecheke. Sivyo. Nafasi zilizo baina ya nyuzi zake ni kubwa kuliko vumbi jembamba. Na lau zingebanwa hata zizuie vumbi lote, mvaaji asingeweza kuvuta pumzi. Chembe kubwa hugonga nyuzi kwa uzito wake. Chembe ndogo mno huyumbayumba hewani hata zikazigusa. Zinazosumbua ni za kati, zenye upana wa karibu maikroni 0.3, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Dawa yake ni umeme. Chana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha kisogeze karibu na vipande vya karatasi: vitakirukia. Ndivyo zilivyo nyuzi za tabaka la ndani la barakoa. Hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa mifuko ya mbolea, ikayeyushwa na kupulizwa hata ikawa nyembamba kuliko unywele, kisha ikatiwa chaji ya umeme. Kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, chaji hunaswa humo muda mrefu, na huvuta hata chembe zisizo na chaji. Mwaka 1925 Mjapani Mototaro Eguchi alieleza jinsi alivyotengeneza nta yenye umeme wa kudumu. Katika miaka ya 1990, Peter Tsai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, waliendeleza njia ya kuzitia chaji nyuzi za barakoa. Barakoa ya N95 huzuia angalau asilimia 95 ya chembe hizo ngumu.

Umeme huo hauonekani, nao huweza kupotea barakoa ingali nzima machoni. Kwa sababu hiyo:

1. Isifuliwe kwa sabuni wala kufutwa kwa spiriti. Baada ya hapo hubaki kitambaa tu.

2. Ihifadhiwe katika bahasha safi, mbali na mafuta. Ikishika vumbi hata kupumua kukawa kuzito, itupwe.

3. Ikae barabara usoni. Penye mwanya, au ndevu nyingi, hewa hupita pembeni bila kuchujwa.

4. Isitegemewe kwa mvuke wa viuatilifu vya maji. Umeme hunasa chembe, haunasi mvuke; huko huhitajika kichujio cha mkaa maalumu.

Hapana budi basi katibu anapoorodhesha mahitaji ya salfa ya msimu aandike na barakoa katika orodha hiyohiyo, za kutosha kubadilishwa. Korosho hupimwa ghalani kwa kilo; pumzi ya mpuliziaji haina mzani, lakini ndiyo iliyozileta.