Vituko vya Vifaa: Kwa Nini Keneli ya Linux Ina Orodha ya Wakosaji

Umewahi kuchomeka flashi kwenye kompyuta yako ikagoma kabisa, halafu ukaipeleka kwa jirani ikafunguka bila shida? Wengi tunaishia kusema "hii mashine ina gundu" na kuendelea na maisha. Leo naomba tuingie ndani kidogo tuone hilo gundu linatoka wapi.

Mimi lilinikuta nikimalizia shahada ya uzamili. Nilikuwa na data za vihisi za miezi kadhaa kwenye diski ya zamani, nikanunua kasha la bei nafuu la kuigeuza iwe diski ya nje ya USB. Nikaanza kukopi. Baada ya dakika chache diski inapotea, inarudi, inapotea tena. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu. Wapi! Mwenzangu akanipa laptop yake ya Windows 7, ikakopi kila kitu mpaka mwisho. Kwa hiyo diski ni nzima, kasha ni zima, na Linux yangu ni nzima. Sasa mbovu ni nani?

Kifaa kinaapa, kiendeshi kinaamini

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayokaa kati ya programu zako na vifaa. Ndani yake kuna viendeshi, yaani vipande vya programu vinavyojua kuzungumza na kifaa fulani. Mwandishi wa kiendeshi hawezi kununua kila flashi duniani aijaribu. Anachofanya ni kusoma kanuni rasmi: ukiuliza hivi, kifaa kitajibu vile. Kifaa kikishasema "mimi nafuata kanuni ya USB ya kuhifadhi data", kiendeshi kinaamini.

Shida ni kwamba aliyetengeneza kifaa naye ni binadamu. Anasoma kanuni ileile, anaelewa tofauti, anajaribu kwenye mfumo mmoja, anaona kinafanya kazi, kiwanda kinaanza kuzalisha. Kosa likishachomwa ndani ya chipu na kusambaa madukani, hakuna wa kulirudisha. Tofauti hizi ndogo kati ya kanuni na kifaa halisi ndizo ninazoziita vituko.

Kosa la moja tu

Chukua mfano huu. Diski hugawanywa katika sekta, mara nyingi za baiti 512 kila moja, na kuhesabu huanzia sifuri. Tuseme una flashi ya ajabu yenye sekta 8 tu. Namba zake ni 0 hadi 7.

Ukiichomeka, keneli huiuliza ukubwa wake kwa amri iitwayo READ CAPACITY. Kanuni inasema kifaa kijibu namba ya sekta ya mwisho, siyo idadi ya sekta. Jibu sahihi ni 7, kisha keneli inaongeza moja yenyewe na kupata 8. Baadhi ya watengenezaji walichanganya, vifaa vyao vinajibu idadi: 8. Keneli kwa uaminifu wake inaongeza moja, inapata 9, na sasa inaamini kuna sekta namba 8 ambayo haipo popote.

Unaweza kusema, sekta moja hewa ina madhara gani? Tatizo ni kwamba mwisho wa diski hausubiri mpaka ujae. Mpangilio wa diski wa GPT huweka nakala yake ya akiba kwenye sekta ya mwisho kabisa, na baadhi ya alama za RAID hukaa mwishoni pia. Kwa hiyo programu zinazotambua aina ya diski hukimbilia huko mara tu unapochomeka. Kuna vifaa ambavyo vikiulizwa sekta isiyokuwepo havijibu "sina", vinaganda. Wewe unaona flashi imekufa kabla hujafungua hata faili moja.

Kwa nini usipunguze moja kwa wote?

Hili ndilo jibu la haraka, na ni baya. Ukipunguza moja kwa kila kifaa, unawaadhibu waaminifu. Flashi iliyosema ukweli inapoteza sekta namba 7, palepale ilipo nakala ya akiba ya GPT.

Ndiyo maana Linux ina orodha. Kwa vifaa vya USB vya kuhifadhi data, imo kwenye faili liitwalo unusual_devs.h. Kila mstari unataja namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, toleo la programu dhibiti kuanzia lipi hadi lipi, na alama inayoeleza kituko chenyewe. Hapo kwenye toleo pana busara: mtengenezaji akirekebisha kosa kwenye toleo jipya, kifaa kipya hakiguswi. Kifaa kikichomekwa, keneli inaangalia utambulisho wake. Kama kimo, kinahudumiwa kwa masharti yake. Kama hakimo, kinahudumiwa kwa kanuni ya kawaida.

Kwa baadhi ya vifaa ambavyo havina uhakika, keneli hukisia. Idadi ya sekta kwa kawaida huwa namba shufwa. Hesabu ikitoka namba witiri, kama ile 9 yetu, kuna uwezekano mkubwa kifaa kimekosea, basi inapunguza moja. Si hisabati ya kupendeza, lakini inasaidia.

Tukirudi kwenye diski yangu

Kasha langu lilikuwa na kituko kingine. Diski za USB zina njia mbili za kuzungumza na kompyuta. Ya zamani ni ya foleni moja: amri moja inatumwa, inajibiwa, ndipo inafuata nyingine. Ya kisasa, UAS, inaruhusu amri nyingi kwa wakati mmoja, hivyo ina kasi zaidi. Kasha langu lilidai linaijua UAS, kumbe likizidiwa na kazi linajiwasha upya. Windows 7 haikuja na UAS, ikatumia njia ya zamani, mambo yakaenda. Hapo ndipo nilipopata fununu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye vigezo vya kuwashia keneli:

usb-storage.quirks=1234:abcd:u

Badala ya 1234:abcd unaweka namba za kifaa chako, unazozipata kwa amri ya lsusb. Herufi u maana yake "usitumie UAS kwa huyu". Ingekuwa c, ingemaanisha "punguza ile sekta moja". Kasi ilishuka, ndiyo, lakini data zangu zilifika. Kati ya diski yenye mbio inayopotea njiani na diski ya pole inayofika, nadhani unajua ningechagua ipi.

Ila angalia gharama yake. Namba ile mara nyingi ni ya chipu iliyomo ndani, si ya kasha. Makasha ya majina tofauti kabisa yanaweza kuwa na chipu moja na namba moja. Ukiingiza namba hiyo kwenye orodha ya dunia nzima, unapunguza kasi hata ya watu ambao makasha yao hayana tatizo. Kwenye mashine yako fanya utakavyo. Kwenye orodha ya wote unahitaji ushahidi.

Usiharakishe kumlaumu kifaa

Mwaka 2015 kampuni ya Algolia ilikuta data zikiharibika kwenye seva zake, vipande vya faili vimegeuka sifuri tupu. Lawama zikaelekezwa kwa SSD za Samsung na amri ya TRIM, ile inayoiambia diski kwamba nafasi fulani haitumiki tena. Samsung walipochunguza, kosa likakutwa ndani ya keneli yenyewe, kwenye sehemu ya RAID inayogawanya amri hizo. Na wakati huohuo, baadhi ya SSD za kampuni hiyo zilikuwa kwenye orodha ya vituko kwa aina nyingine ya TRIM, ile inayopangwa kwenye foleni. Yaani mtu kuwa na rekodi ya makosa haimaanishi kila kosa ni lake.

Pia tofautisha kituko na wizi. Ile flashi ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya soda mbili haijaelewa kanuni vibaya, imepangwa kudanganya. Inaonyesha nafasi isiyokuwepo, unajaza picha za harusi, baadaye hazifunguki. Hakuna mstari kwenye orodha utakaokuokoa. Ipime kabla ya kuiamini: programu ya f3 hujaza flashi kwa f3write, kisha f3read inasoma na kukwambia ni kiasi gani kipo kweli.

Ufanye nini likikukuta?

Anza na vya bei rahisi: waya, tundu, na umeme, maana diski ya nje isiyopata umeme wa kutosha nayo hupotea na kurudi. Kisha chomeka kifaa, andika dmesg, usome mistari ya mwisho. Ukiona kifaa kinajiwasha upya wakati uas inatajwa, jaribu ile herufi u. Ikitulia, itoe uone kama tatizo linarudi. Likirudi, unao ushahidi, siyo hisia. Andika namba ya kifaa, toleo la keneli na ulichojaribu, upeleke kwa wanaotunza kiendeshi.

Mingi ya mistari ya orodha ile ilianza hivyohivyo: mtu mmoja, kifaa kimoja kikaidi, na uvumilivu wa kuandika alichokiona. Mwingine atakayechomeka kifaa kama chako kitafanya kazi tu, wala hatajua kama kuna aliyewahi kukesha nacho.