Kwa Nini Emuleta Hupungua Kasi Baada ya Kusasishwa?

Tuseme mwanafunzi wa Mikindani ana mchezo wa mpira wa PSP kwenye simu yake, na ligi aliyoanza kuicheza tangu likizo ya Juni. Usiku simu imesasisha programu yenyewe. Asubuhi wachezaji wanakwama na sauti inakatikakatika. Rafiki mmoja anamshauri afute programu na kuiweka upya. Mwingine anamwambia asubiri fedha za korosho anunue simu mpya. Ushauri wa kwanza unaweza kumpotezea ligi yote. Wa pili, fedha za familia.

Emuleta ni nini?

Emuleta ni programu inayoiwezesha mashine moja kuiga utendaji wa mashine nyingine. PSP ilitoka Japani mwaka 2004, ikiwa na prosesa ya aina ya MIPS yenye kasi ya juu ya megahezi 333. Simu nyingi hutumia prosesa za ARM, ambazo hazielewi amri za MIPS. PPSSPP, emuleta iliyoanzishwa na Henrik Rydgård na kutolewa mwaka 2012, hutafsiri amri hizo huku mchezo ukiendelea.

Mfikirie mkalimani kati ya mfanyabiashara wa Kilambo na mwenzake wa ng'ambo ya Ruvuma anayesema Kireno. Kila neno hupita kwa mtu wa tatu, hivyo kazi huongezeka. Ndiyo maana hata simu yenye kasi kubwa kuliko PSP inaweza kulemewa. Mchezo wa fremu 60 kwa sekunde huipa simu milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu (1000 ÷ 60). Ikichelewa, mchezo hukwama.

Sababu za kupungua kasi

1. Mipangilio kubadilika. Kioo cha PSP kina pikseli 480 × 272, yaani 130,560. Ukubwa wa picha ukiwekwa mara 2, pikseli huwa 522,240, yaani mara 4 ya kazi ya awali.

2. Njia ya kuchora kubadilika. Emuleta huchora kwa kutumia OpenGL au Vulkan. Simu moja hufanya vizuri kwa njia hii, nyingine kwa ile.

3. Kache kufutwa. Programu ndogo za kuchora, ziitwazo sheda, hutengenezwa upya. Mchezo hukwama mwanzoni, kisha hutulia.

4. Sababu zisizohusu sasisho. Simu ikipata joto hujipunguzia kasi, jambo la kawaida katika mchana wa pwani yetu. Hali ya kuokoa betri hufanya vivyo hivyo.

Hatua za utatuzi

(a) Hifadhi maendeleo kupitia menyu ya mchezo wenyewe, kisha nakili folda yake mahali pengine. Usitegemee nukta iliyohifadhiwa na emuleta, kwani huenda isifunguke katika toleo jingine.
(b) Zima simu ipoe, iwashe, na uondoe hali ya kuokoa betri.
(c) Cheza dakika kumi. Ukitulia, tatizo lilikuwa kache.
(d) Rudisha ukubwa wa picha kuwa mara 1.
(e) Badili njia ya kuchora.
(f) Yote yakishindikana, rudi kwenye toleo la zamani kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

Zingatia: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike matokeo. Ukibadili matatu pamoja, mchezo unaweza kupona lakini hutajua dawa ilikuwa ipi. Ni kanuni ileile ya jaribio la maabara: kigeu kimoja hubadilishwa, vingine havibadilishwi.

Swali la kujipima

Baada ya sasisho, simu inatumia milisekunde 25 kuchora fremu moja. Mchezo unahitaji fremu 60 kwa sekunde. Je, zinapatikana ngapi?

Jibu: 1000 ÷ 25 = fremu 40. Mchezo unakwenda kwa takribani asilimia 67 ya kasi yake.