Mizani ya Matokeo ya Watoto Wetu

Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, mji mzima wa Kigoma hujua. Hujua mchukuzi bandarini, hujua mfanya kazi wa reli, na mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwanga naye hujua. Furaha huingia nyumba hii, majonzi nyumba ile. Lakini wazazi wanaofahamu jinsi alama hizo zilivyopatikana ni wachache. Wengi hudhani kwamba yote huamuliwa na karatasi zilizoandikwa katika siku chache za mwisho. Dhana hiyo ni ya makosa, na kwa kuwa yawaponza watoto, yatupasa tuieleze.

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Wanafunzi wetu wa sekondari walifanya mitihani ya Cambridge, na hukumu yao ikatoka ng'ambo, kwa watu wasiopata kuiona shule wala mwalimu wao. Mwaka 1971 nchi yetu ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaikosoa desturi ya kumpima kijana kwa mtihani wa maandishi peke yake. Azimio la Musoma lilitaka kazi ya kila siku ya mwanafunzi nayo ihesabiwe, pamoja na tabia yake na bidii yake katika kazi za mikono. Utaratibu huo ulianza mwaka 1976: nusu ya alama zitoke shuleni, na nusu zitoke katika mtihani wa mwisho.

Sisi wa pwani ya Tanganyika hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya jambo hili. Mvuvi wa Kibirizi huingia ziwani na taa zake usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka hupumzika. Yuko usiku mmoja ambao upepo humrudisha mikono mitupu, japo ni hodari kuliko wenzake wote. Ni nani atakayemwita mvivu kwa usiku huo mmoja? Atakayetaka kumjua atatazama mwaka mzima. Basi na mtoto aliyeamka na homa ya malaria asubuhi ya mtihani wa Hesabu yafaa atazamwe vivyo hivyo.

Hata hivyo mizani haikukaa mahali pamoja. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliitikisa nchi: watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi Mei mwaka huo Serikali ikayafuta matokeo na kuamuru yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011, na waliofaulu wakaongezeka. Karatasi zilikuwa zile zile na majibu ni yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kuzipanga alama. Baadaye mwaka ule ule Wizara ilitangaza kwamba alama za shuleni zitakuwa 40 na za mtihani 60. Kisha zikawa 30 kwa 70.

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chukua mwanafunzi aliyepata 54 kwa mia katika kazi za shuleni, na 40 katika mtihani wa mwisho. Kwa mizani ya nusu kwa nusu, jumla yake ni 47. Kwa 40 na 60, ni 45.6. Kwa 30 na 70, ni 44.2. Kwa madaraja ya sasa C huanzia 45. Basi kijana huyo huyo apata C kwa mizani mbili za kwanza, na D kwa ya tatu. Mwenzake aliyepata 40 shuleni na 50 katika mtihani atapata 45, kisha 46, kisha 47. Kila mizani ina inayemwinua na inayemshusha.

Wako wasemao kwamba heri alama za shuleni zifutwe kabisa, kwa sababu walimu wengine huzitia chumvi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwanafunzi aliyepata 30 katika mtihani, na ambaye kazi yake ya shuleni yastahili 50, hupata jumla ya 36 kwa mizani ya 30 na 70. Mwalimu akimwandikia 90, jumla yapanda hadi 48, na D yageuka C. Hiyo ni dhuluma kwa mtoto wa shule ya jirani ambaye mwalimu wake aliandika haki. Tena ni dhuluma kwa mwenyewe, kwani cheti kitamfungulia mlango wa chumba asichoweza kukaa ndani yake. Lakini mwenye duka akipunja, watu hawavunji mizani, humleta mkaguzi. Wathibiti ubora wa shule wazidishe kulinganisha alama za shuleni na za mtihani, na pale penye tofauti isiyo na maelezo, mkuu wa shule aulizwe.

Iko na dhuluma ya pili, isiyo na kelele. Mwanafunzi wa Kalya au Buhingu, ambaye safari yake aghalabu ni ya mtumbwi, akikosa mtihani wa muhula kwa sababu ya mawimbi, huachwa na pengo katika daftari la alama. Mtihani wa Novemba haulijazi pengo hilo. Mzazi naye humtoa mtoto wa Kidato cha Tatu majuma mawili ili akasaidie kuanika dagaa, akisema, "Mtihani bado uko mbali." Ndugu, hauko mbali. Upimaji wa Kidato cha Pili, mitihani ya mihula, mtihani wa majaribio na kazi ya mradi, vyote hivyo ni sehemu ya matokeo. Siku unayomtoa darasani yaweza kuwa siku anayopimwa.

Tusiwasahau watahiniwa wa kujitegemea, ambao wengi ni vijana wafanya kazi wanaosoma usiku. Hao hawana alama za shuleni. Kwao mtihani wa mwisho ndio kila kitu. Yawapasa walijue hilo mapema.

Twawaomba wazazi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya pwani wafanye jambo moja kila muhula: waende shule, waombe kuziona alama za watoto wao zilizoandikwa, na waulize zilivyopatikana. Mwalimu mwaminifu atafurahi kuulizwa. Asiye mwaminifu atajua kwamba daftari lake lina macho zaidi ya mawili. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha mtoto huanza kujazwa miaka miwili kabla ya Novemba ile.