Pesa Iliyotoka Si Kazi Iliyofanyika

Mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mwenye kujenga mara nyingi ni mfanyabiashara anayetegemea faida yake kuliko mkopo wa benki. Shehena ikiuzika, msingi unachimbwa. Nyingine ikiuzika, kuta zinapanda. Swali lake kwa kapita, msimamizi wa mafundi, ni moja: dola ngapi zimetoka? Jibu la swali hilo hudanganya, hasa likiwa la kufurahisha. Tuchukue nyumba ya mfano iliyokisiwa dola 60,000. Kwa mpango, kufikia mwezi wa tatu ilipasa kazi ya dola 30,000 iwe imekwisha; hadi hapo zimetumika 25,000. Tajiri anaona amebakiza 5,000. Lakini msingi, nguzo na kuta zilizosimama, zikipimwa kwa bei za devi, yaani makisio ya gharama, ni kazi ya 20,000 tu. Kumbe kila dola imezaa senti 80 za kazi, na kwa mwendo huo nyumba itakula 75,000. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiwekea hesabu hii kanuni mwaka 1967 kwa miradi ya silaha, lakini daftari, futi kamba na devi iliyogawanywa kwa hatua vinatosha kuifanya.

Wapo watakaosema mpango hauna maana huku kwetu au kwa jirani zetu wa Beni, ambako hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilitangazwa Mei 2021 kwa sababu ya vita na mizigo inayotoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi hufika ikijaliwa. Ni kweli bei huyumba; ndiyo maana kiasi kitenganishwe na bei. Mifuko ya saruji ikilingana na devi huku gharama imepanda, tatizo liko sokoni au njiani. Mifuko ikizidi, aulizwe kapita. Pasipo daftari, yote mawili husingiziwa vita. Hata lami ya Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, 54, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa na Uganda na Kongo Juni 2021, haiwezi kuponya zaidi ya ugonjwa wa kwanza, ule wa njiani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayejenga kwa awamu hachelewi, anasubiri mtaji. Hapo nakubali: kwake kipimo cha muda, yaani kazi iliyofanyika dhidi ya iliyopangwa, kina uzito mdogo. Ila kusubiri nako kunalipiwa. Nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, kuta zisizoezekwa hunyeshewa, mlinzi hudai mshahara. Basi awamu zipangwe ziishie pale jengo linapoweza kuvumilia mvua, na mafundi walipwe kwa hatua iliyopimwa mbele ya pande zote mbili, kabla lipu haijafunika ukuta.