Kibodi na Kalamu: Njia Rahisi ya Kuandika Fomula katika Mitihani

Mwalimu wa Hisabati anayechapa mtihani kwa kompyuta hulazimika kuwa mwangalifu kuliko wenzake. Kosa dogo la uchapaji katika insha husomeka na kueleweka. Katika fomula hubadili swali zima. Mfano ni 2x². Iwapo x ni 3, jibu ni 18. Kipeo kikishuka na kuwa 2x2, mwanafunzi anayedhani x ni alama ya kuzidisha atapata 4, na anayeichukulia kuwa herufi atapata 12. Wote wawili watakosa alama kwa kosa lisilo lao.

Kompyuta zenye Microsoft Word ya mwaka 2016 na matoleo yaliyofuata kwenye Windows zina njia mbili za kuingiza fomula, nazo hufaa zaidi zikitumika pamoja.

Njia ya kwanza ni kibodi. Bonyeza Alt pamoja na alama ya =, kisanduku cha fomula kitafunguka. Ukiandika x^2 kisha nafasi, 2 itapanda juu. Ukiandika a/b kisha nafasi, utapata sehemu yenye kiasi juu na asili chini. Njia hii ni ya haraka kwa fomula fupi.

Njia ya pili ni mwandiko. Fungua Insert, kisha Equation, halafu chagua Ink Equation. Andika fomula kwa kalamu ya kielektroniki, au kwa kidole ikiwa skrini ni ya kugusa. Hata kipanya hufaa. Kompyuta huusoma mwandiko na kuonyesha juu yake namna ilivyouelewa. Njia hii hupunguza kazi pale fomula inapokuwa na kipeuo ndani ya sehemu, kama ile ya kutatua mlinganyo wa kwadratiki, kwa kuwa mkono huandika kama ulivyozoea ubaoni.

Hata hivyo, kompyuta huweza kuchanganya 2 na z, 5 na s, au x na alama ya kuzidisha. Hapo ndipo njia hizi mbili hukutana: chora umbo la fomula kwa kalamu, bonyeza Insert, kisha sahihisha tarakimu na herufi kwa kibodi. Fomula iliyokwisha kuingizwa huharirika kama iliyochapwa tangu mwanzo.

Kabla ya kudurufu, chapisha nakala moja na ulitatue kila swali kutoka kwenye karatasi hiyo, si kutoka kwenye daftari lako. Jibu lisipolingana na mwongozo wa usahihishaji, rejea kwanza kwenye fomula.

Walimu wanaohitaji kuelekezwa wanakaribishwa Kitengo cha TEHAMA, makao makuu ya Halmashauri, siku na saa za kazi. Huduma hii hutolewa bila malipo.