Wanafunzi wafunzwe kuusoma mto kabla haujafurika

MUULIZE mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi maana ya mafuriko, naye atakujibu bila kusita: ni maji mengi yanayofunika nchi kavu baada ya mvua kubwa. Jibu hilo litampa alama katika mtihani, lakini huenda lisimwokoe.

Mafuriko hayangoji mvua inyeshe pale ulipo. Mto Nzoia hupokea maji ya milima ya Cherangani na Mlima Elgon, kisha huyamwaga katika Ziwa Victoria huko Budalangi. Mvua ikipiga huko juu, kingo za Budalangi zaweza kuvunjika hali jua limewaka. Kadhalika Garissa, ambako mvua ni haba, hufurika kwa maji ya Mlima Kenya na Aberdare yaletwayo na Mto Tana. Kwa hivyo, mtoto wa Garissa anaposikia redioni kwamba bwawa la Masinga limejaa na kumwagika, hiyo ni habari ya kwao nyumbani, wala si ya mbali.

La pili ni nguvu ya maji yaendayo kasi. Kina cha sentimita 15 tu chaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 kuelea gari dogo. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lilisombwa likijaribu kuvuka Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Waliosimama ukingoni walikuwa wakitazama. Maji ya tope hayaonyeshi iwapo barabara iliyo chini yake ingalipo, na mtoto aliyezoea kuvuka mto huo kila siku ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa anaamini anaujua.

Mwaka 2024 serikali iliahirisha ufunguzi wa shule kutoka Aprili 29 hadi Mei 13 kwa sababu ya mafuriko. Hatua hiyo ilifaa, ila maji hayafuati kalenda ya muhula. Kila shule iliyo bondeni yapasa iamue mapema: nani atapiga kengele, wanafunzi wakimbilie mwinuko upi, na ni nani wanaovuka mto kurudi kwao, ili wazuiliwe shuleni hadi maji yapungue.

Hata yakipungua, vyoo vya shimo huwa vimefurika na kuchafua visima. Maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa, japo yaonekane maangavu, maana kipindupindu hakionekani kwa macho.